Nyumba Iliyojengwa kwa Maneno



Safu hii, kama mjuavyo, huchagua kitu kimoja ambacho jamaa wa nyumba moja wanaweza kukifurahia wakiwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, bila ya mmoja kuinamisha uso na mwingine kusinzia. Wiki hii tumechagua filamu kongwe ya vichekesho kutoka Marekani, iitwayo Mr. Blandings Builds His Dream House, yaani Bwana Blandings anajenga nyumba ya ndoto yake. Ilitoka mwaka 1948, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na huchukua kama saa moja na nusu. Aliyeiongoza ni H. C. Potter. Bwana Blandings ameigizwa na Cary Grant, mkewe Muriel na Myrna Loy, na rafiki yao wakili, Bill Cole, na Melvyn Douglas. Wakili huyo ndiye anayetusimulia kisa chenyewe.

Asiyewahi kujenga ataicheka kwa vituko vyake. Aliyewahi kujenga atacheka huku ameshika kifua, maana kila kituko atakijua kwa jina la fundi aliyemfanyia.

Kisa kinaanzia katika fleti ndogo mjini New York. Saa ya kengele inalia, na tangu hapo kila mtu anagombea nafasi. Nguo za mume na za mke zimesongamana kabatini hata ukivuta kimoja vinashuka kumi. Asubuhi watu wazima wawili na mabinti wawili wanapishana bafuni, na Bwana Blandings analazimika kunyoa ndevu mbele ya kioo kile kile anachokihitaji mkewe. Mtazamaji haambiwi kuwa watu hawa wamebanwa. Anaona mwenyewe, na kabla ya dakika kumi kupita anawaombea nyumba.

Kuna jambo moja la kulishika mapema. Kazi ya Bwana Blandings ni kutunga matangazo ya biashara. Yeye ni muuza maneno: analipwa vizuri kwa kutafuta kauli fupi itakayomfanya mtu anunue kitu ambacho asubuhi hakuwa akikitaka. Mezani, wakati wa kifungua kinywa, binti yake anamweleza kuwa mwalimu wao shuleni haioni kazi hiyo kuwa ya maana. Baba anakasirika, nasi tunacheka. Lakini muda si muda muuza maneno huyu anakutana na wauzaji wenzake, nao wanamuuzia.

Neno la kwanza analouziwa ni historia. Huko Connecticut, jimbo la jirani, dalali anawaonyesha nyumba kuukuu iliyopinda, na kuwaambia kuwa zama za vita vya uhuru wa Marekani Jenerali Gates alisimama pale kunywesha farasi wake. Basi imetosha. Mume na mke hawaoni tena paa lililobonyea wala kuta zilizoegemeana kama walevi. Wanamwona jenerali na farasi. Wananunua kwanza, wakili wao wanamwita baadaye. Wakili anapouliza maswali anaonekana mtu asiyependa furaha ya wenzake.

Neno la pili ni lile tunaloliita sisi "takriban". Ardhi imetajwa kuwa ni ekari kadhaa, zaidi au pungufu kidogo. Msomaji mwerevu ameshajua kuwa mpima ardhi alipomaliza kazi yake, "zaidi" haikuonekana.

Kisha wanakuja wajuzi kuitazama nyumba, mmoja baada ya mwingine, na ushauri wao ni ule ule: ibomoeni. Bwana Blandings anaibomoa. Sasa anaarifiwa kuwa kuna rehani juu ya mali ile, na kwamba hakuwa na haki ya kuvunja nyumba bila ya idhini ya maandishi ya mwenye rehani. Mtu amenunua nyumba, ameivunja nyumba, na angali anaidaiwa nyumba isiyokuwapo.

Hapo ndipo ujenzi wenyewe unapoanza. Msanifu anawaletea ramani ya nyumba ya kiasi, yenye kulingana na mfuko wao. Mke anashika penseli, mume anashika penseli. Hapa paongezwe bafu, pale chumba, kule kabati, kwani ni mstari tu juu ya karatasi. Watakapoziweka penseli chini, ghorofa ya juu imekuwa kubwa kuliko ya chini iliyopaswa kuibeba. Sijui tukio jingine la senema linaloonyesha vizuri kama hili jinsi gharama inavyozaliwa, katikati ya furaha, watu wakipendana, wala hakuna aliyekusudia ubaya.

Mchimba msingi anagonga jiwe, naye Bwana Blandings anadhani ni la kung'olewa likawekwa kando. Anaelezwa kuwa si jiwe, ni mwamba. Mchimba kisima, Bwana Tesander, mzee mpole asiye na maneno mengi, anachimba siku baada ya siku, futi juu ya futi, na bili inakwenda chini pamoja naye. Maji yanapopatikana baada ya kina kirefu, hapo hapo habari inakuja kuwa kwenye shimo la msingi wa nyumba maji yamejitokeza yenyewe kwa futi sita tu, mahali ambapo hakuna aliyeyataka.

Lakini kuna matukio matatu ambayo yafaa watoto wanyamazishwe ili yasikike vizuri.

La kwanza ni la vizingiti. Bwana Blandings amekwenda kuitazama kazi, amevaa vizuri, anajiona mwenye mali. Seremala mkuu anamuuliza kutoka juu: vile vizingiti vya ghorofa ya pili, baina ya nguzo, vitiwe mfuo wa kuungia au visitiwe? Bwana Blandings hajui kizingiti kipi, hajui mfuo ni nini, wala hajui nguzo zinazosemwa. Uso wa Cary Grant hapa unastahili kutazamwa mara mbili: kwa nukta chache unaona kiburi kikipigana na ujinga, na kiburi kinashinda. Anajibu kwa sauti ya mjuzi kwamba la, visitiwe. Seremala anageuka na kuwapigia kelele vijana wake kuwa vile vilivyokwisha kutiwa mfuo ving'olewe. Mbao zinaanza kuanguka. Neno moja limetoka, na kila ubao unaoanguka ana bei yake.

La pili ni la rangi. Muriel anampeleka mpaka rangi chumba kwa chumba. Kijani anachokitaka kisielekee mno kwenye buluu wala kwenye manjano. Manjano iwe sawasawa na siagi nzuri ya dukani. Wekundu uwe wa tofaa la namna fulani, lakini si lililoiva kupita kiasi. Kwa wekundu huo ametoa uzi wa mfano ushonwe ndani ya macho ya mpaka rangi, ukipenda kusema hivyo. Weupe nao una shurutize. Myrna Loy anayasema yote haya bila ya tabasamu, kwa heshima na makini, kama daktari anayeandika dawa, na mpaka rangi anamsikiliza kwa adabu hiyo hiyo. Akishaondoka, mpaka rangi anamgeukia mwenzake na kumuuliza kama ameshika, naye anafupisha: nyekundu, kijani, buluu, manjano, nyeupe. Mpaka rangi anakubali. Kazi imeeleweka.

La tatu ndilo lililo karibu zaidi na majumba yetu. Katika vifaa vya ujenzi yamebaki mawe bapa machache. Muriel, mwanamke asiyependa israfu, anaona ni hasara kuyatupa. Anamwambia fundi ayatandaze tu kwenye sakafu ya kijichumba chake cha kupangia maua. Jambo dogo, na tena la kuokoa! Bili inapokuja, mawe yale ya bure yamegharimu zaidi ya dola 1,200. Msanifu anaeleza kwa upole: jiwe ni zito, ubao haulibebi, basi sakafu imefumuliwa, boriti za chini zimekatwa, kitanda cha zege kimemiminwa, mabomba yamehamishwa, na kadhalika. Kila hatua ni ya haki, imezaliwa na ile iliyotangulia. Muriel hakusema uongo, fundi hakuiba. Mmoja alisema jambo dogo, mwingine alisikia jambo kubwa, wala hakuna kati yao aliyesimama kumuuliza mwenzake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya filamu hii, na ndiyo sababu imedumu. Haina mwizi. Dalali ana maneno matamu, ndiyo, lakini baada yake kila anayekuja ni mtu wa kazi yake, na wengi ni waungwana. Fedha zinayeyuka kwa maneno: neno lisiloeleweka likajibiwa, neno la juu juu likatiwa saini, neno la mzaha likachukuliwa kuwa amri. Wahenga wametuachia kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Bwana Blandings amejikwaa vyote viwili, na kidole chake kilipona mapema.

Nyumba ikishaanza kumla mtu, haianzi na mfuko peke yake. Bwana Blandings anaamka alfajiri kukimbilia garimoshi la mjini, anarudi usiku amechoka, na uchovu unamletea shaka. Anaanza kumwonea wivu rafiki yake wakili, ambaye zamani alimpenda Muriel. Kuna usiku wa mvua kubwa ambao wakili anakwama katika nyumba mpya pamoja na Muriel peke yao, na baba hayupo. Hakuna ovu linalotendeka, lakini shaka imepata pa kulala. Wazazi mtaona wenyewe namna ya kulizungumza hilo na vijana. Sisi twajua kwa nini mafunzo yetu yanaweka mipaka hata kwa watu wema.

Lililo muhimu ni namna filamu inavyolichukua. Mume na mke wanagombana, wanatupiana lawama, na mume anafika hadi kusema kuwa nyumba hii ni balaa na iuzwe. Lakini kila baada ya ugomvi kuna neno la kuchekesha, na hata panapokosekana neno kuna jicho. Watu hawa hawajaacha kuchekeana. Nyumba nyingi zimekwisha kujengwa zikawa nzuri, na ndoa iliyozijenga ikawa imeanguka kabla ya paa kuezekwa.

Sasa tufike mahali ambapo filamu inacheka na kupita, nasi twafaa kusimama. Huku ujenzi ukiendelea, ofisini Bwana Blandings amepewa kazi ya kutunga kauli ya kutangaza nyama iitwayo Wham. Ni nyama ya nguruwe, na watoto watauliza. Waelezwe bila ya kubabaika kuwa hawa ni watu wa desturi nyingine. Kauli haiji. Anakesha ofisini, karatasi zinajaa sakafuni, siku ya mwisho inafika, na anarudi nyumbani akijua kuwa kibarua kimeota nyasi. Asubuhi, Gussie, mtumishi wao wa nyumbani, mwanamke Mweusi, anaandaa meza, na katika kuisifu nyama ile kwa watoto anatamka sentensi moja yenye mapigo na mizani yake. Bwana Blandings anashtuka. Ndiyo kauli yenyewe! Kazi imeokoka, na nyumba imeokoka pamoja nayo. Anaagiza Gussie aongezwe mshahara dola 10. Mwishoni tunaliona tangazo katika gazeti, na sura ya Gussie imo.

Dola 10. Mtu aliyelipwa kwa maelfu kwa mwaka ameshindwa kulipata neno. Mwanamke aliyesimama na sinia amelitoa bila ya jasho, na malipo yake ni hayo. Watazamaji wa mwaka 1948 walicheka na kwenda zao. Aliyemwigiza Gussie ni Louise Beavers, mwigizaji hodari ambaye Hollywood ya zama zake ilimpa nafasi za utumishi karibu maisha yake yote. Mwaka 1934 aliigiza katika Imitation of Life, naye humo ni mtumishi ambaye mapishi yake ya chapati za maji ndiyo yanayomtajirisha bibi yake. Mara mbili, basi, mwanamke huyu alipewa kuigiza kisa kimoja: jiko linatoa mali, na sebule inaihesabu. Twaomba wazazi wasilipite tukio hili. Waulizeni watoto: haki ya Gussie ilikuwa nini? Kisha waulizeni, huyu anayetufulia na kutupikia sisi, neno lake tunalisikia lini, na tukilitumia tunamlipa nini?

Kisa hiki hakikutungwa hewani. Mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu, Eric Hodgins, alikuwa mhariri wa jarida la biashara la Fortune, mtu wa hesabu na takwimu. Alijenga nyumba huko Connecticut akikadiria dola 11,000. Ilipomalizika ilikuwa imekula 56,000, na hatimaye akalazimika kuiuza. Uchungu wake akaugeuza masimulizi yaliyotokea kwanza katika Fortune na kisha, mwaka 1946, yakawa kitabu. Hizo zilikuwa siku za uhaba mkubwa wa makazi Marekani. Askari walikuwa wamerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na jamaa vijana walikuwa wakiishi kwa kubanana. Watayarishaji waliitumia kiu hiyo: filamu ilipotoka, nyumba zaidi ya 70 za mfano wake zilijengwa katika miji mbalimbali ya nchi hiyo ili watu waingie wazitazame. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kupigia picha ingali imesimama California, ndani ya hifadhi ya Malibu Creek, na hutumika kama ofisi. Hollywood nayo ilikirudia kisa cha namna hii mwaka 1986 katika The Money Pit, akiigiza Tom Hanks; hiyo ina makelele zaidi na maneno machache ya kukumbukwa.

Kwetu pwani nyumba nyingi hazijengwi kwa rehani wala kwa mara moja. Zajengwa kwa awamu: mwaka huu msingi, mwakani kuta, kisha kungojea mpaka mabati yapatikane. Aghalabu mwenye fedha yuko Dubai, Muscat au Jeddah, na msimamizi ni mdogo wake au shemeji yake. Fundi anapiga simu: "Mzee, madirisha ya nyuma tuyaweke vile vile?" Naye, akiwa kazini na msimamizi wake amemsimamia, hujibu, "Ee, yawekeni vile vile." Vile vile vipi? Kama ilivyo kwenye ramani, au kama alivyosema shemeji juzi? Hapo tayari ubao wa kwanza umeanguka. Atakaporudi likizo, atakuta madirisha yanatazama ukuta wa jirani, fundi ataapa kuwa aliruhusiwa, naye atakuwa anasema kweli. Na undugu uliokuwa imara miaka 30 utavunjika kwa neno "vile vile".

Dawa zake si ngumu, na filamu inazifundisha kwa kinyume chake. Usijibu swali usilolielewa. Mwambie fundi akuonyeshe kwa mkono au akutumie picha. Kwa kila badiliko, hata la mawe matatu, uliza mambo mawili kabla ya kusema ndiyo: kitavunjwa nini, na jumla yake itakuwa kiasi gani? Jibu liandikwe, hata kama fundi ni mtoto wa ami yako. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni, na haikuwatoa watu wanaopendana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na penseli ya kuongeza vyumba iwe na raba upande wa pili.

Karibu na mwisho, nyumba ikiwa imesimama na bili zote zikiwa zimekwisha kuja, Bwana Tesander, yule mchimba kisima, anabisha hodi. Bwana Blandings anamwona tu, na pumzi zinamwisha. Anangoja kuambiwa ni kiasi gani tena. Mzee anaeleza kuwa amezipitia hesabu zake upya na amekuta kosa. Wamemlipa zaidi. Amekuja kuwarudishia dola 12 na senti 36.

Hakuna aliyejua kosa lile ila yeye, wala hakuna ambaye angemdai. Mtazameni uso Bwana Blandings anapozipokea. Katika maelfu yote yaliyopita mikononi mwake tangu kisa kianze, hizi ndizo zilizomfurahisha, na hata wakili, aliyekuwa akikataza tangu siku ya kwanza, anakiri kuwa kuna vitu mtu hununua kwa moyo.

Itazameni baada ya isha, watoto wakiwa wamekwisha kazi za shule. Ikiwa babu yuko nyumbani, mwekeni karibu, maana yeye ana visa vya mafundi wa zamani wa chokaa na boriti za mikoko ambavyo hamjavisikia. Mwacheni asimulie filamu ikiisha.